Goti la Spika Lilivyofika Redioni

Machimboni, 4 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu najua barua yako itaanza na shikamoo, na barua za huku zinachelewa. Mimi ni mzima, ila mgongo ndio unaonikumbusha umri. Vumbi la kokoto lipo palepale: tunalala nalo, tunaamka nalo, tunalinywa kwenye chai. Mwambie Mama soksi alizonifumia zimefika. Moja ni ndefu na moja ni fupi, nazivaa hivyohivyo, na hakuna anayeziiba.

Uliuliza kwa nini sipatikani kwenye simu. Ile simu yangu ya tochi ilinitoka mfukoni ikaangukia kwenye mtambo wa kusaga mawe. Sasa ni kokoto, iko chini ya barabara fulani, magari yanaipita. Ningeweza kuazima ya mwenzangu, lakini chumbani tuko wanane, na nikiongea na wewe wote saba wanaitikia.

Sasa lile uliloniomba. Umesema kazini kwenu mnachunguza jinsi watu wanavyotafuta mambo kwenye mtandao, ukataka nikueleze sisi wa huku tunatafutaje. Nitakueleza, ingawa bado sijaelewa vipi mtu analipwa mshahara kwa kuuliza wenzake wanaulizaje.

Simu yenye mtandao chumbani ni moja, ya Spika. Spika ndiye anayelala kitanda cha chini, mimi juu yake. Tunamwita hivyo kwa sababu hana sauti ndogo. Akikunong'oneza siri, mlinzi wa getini anaitika. Simu ni yake, kidole ni changu, maana darasa la sita nililoachia mimi ndilo kubwa kuliko yote humu ndani. Maneno ni ya wote. Tukitafuta jambo, kila mtu anaongeza la kwake, na la mtu haliachwi, kwa sababu ukiacha la mmoja atanuna mpaka mwisho wa mwezi. Tunaanza na salamu, tunamaliza kwa kujitambulisha.

Mwezi uliopita Spika alivimba goti. Mtu huyu hataki kwenda kwa mganga yeyote, goti amelifunga kitambaa cha kijani cha mkewe, na mkewe mwenyewe hajui, kwa sababu Spika anasema mke akijua atamwambia arudi nyumbani. Basi tukatafuta. Niliandika hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Habari za saa hizi. Samahani kwa usumbufu. Mwenzetu amevimba goti, anachechemea, hali vizuri, na kuku wa mpishi nao wanakufa, na je msimamizi ana haki ya kumkata siku mgonjwa, na mvua itanyesha lini. Ni sisi wa chumba namba sita."

Likaja jibu refu. Kioo cha simu kimepasuka juu, kichwa cha habari hakisomeki, kwa hiyo tulianzia katikati. Likasema anayechechemea atengwe na wenzake. Tukahamisha godoro la Spika hadi stoo. Likasema apewe maji yenye vitamini. Tukampa. Likasema sakafu iwe kavu, imwagwe maranda ya mbao. Fundi seremala akatupa gunia zima. Spika alikuwa amelala kwenye maranda kama mfalme, mpaka nikafika mahali palipoandikwa kwamba mayai yake yasiliwe kwa wiki moja.

Spika akainuka. "Mayai yangu yapi?"

Nimekuandikia ucheke, na umsomee Mama naye acheke.

Kaka yako


Nyumbani, 1 Machi

Kaka,

Shikamoo yangu umeshaiitikia, kwa hiyo naingia ndani moja kwa moja. Mama hajambo. Jino lake limeng'olewa, na sasa kila neno linalomtoka vibaya analaumu pengo. Nilimsomea barua yako. Alicheka mpaka akaniomba nimshikie miwani. Jirani wa kushoto alikuja kuuliza kuna nini, akasomewa naye.

Kaka, barua yako ni dhahabu. Mwaka mzima ninahoji watu na kuandika ripoti ambazo husomwa na mimi na mkuu wangu, na mkuu wangu nina wasiwasi naye. Wewe kwa kurasa mbili umenionyesha yote: watu hupanga maswali manne kwenye swali moja, humsalimia asiye na masikio, na huamini jibu la kwanza bila kuangalia linamhusu nani.

Mkitafuta tena, andikeni maneno machache. Jambo moja kwa wakati mmoja. Salamu mpeane ninyi kwa ninyi. Kisha msome kichwa cha habari, hata kama kioo kimepasuka.

Nina habari njema pia. Redio wamenialika Alhamisi ya wiki ya tatu, kipindi cha mchana, kuzungumzia watu wetu na utafutaji wa mtandaoni. Sikiliza pamoja na wenzako. Nataka wajue una ndugu.

Mdogo wako


Machimboni, 20 Machi

Mdogo wangu,

Mama asalimiwe sana. Pole ya jino. Soksi bado zipo. Hizo ndizo habari za familia, sasa kaa chini.

Alhamisi niliomba redio ya mpishi. Niliifuta vumbi. Nilipanga viti vya kantini kama vya harusi, mbele nikamweka msimamizi, nyuma yake chumba namba sita chote, na Spika nikamtafutia kiti cha pili cha kuegeshea mguu. Hata dereva wa lori la dizeli nilimzuia asiondoke. Nilisimama nikasema, "Mtakayemsikia ni dada yangu. Tumbo moja. Huyu ni msomi, lakini hajatusahau."

Kweli hukutusahau.

Ulipoanza kusema "kuna wafanyakazi wa machimbo ya kokoto," watu walinipigia makofi. Uliposema "wamelala wanane chumba kimoja," walipiga tena. Uliposema "mmoja wao amevimba goti, amelifunga kitambaa cha kijani cha mkewe," makofi yalikwisha, na vichwa vyote viligeuka taratibu kwenye kile kiti cha pili. Ulipofika kwenye mayai, yule mtangazaji wako alicheka mpaka akaangusha kitu, sijui kikombe. Msimamizi naye aliangusha kofia. Nilitaka kuizima redio lakini dereva wa lori alikuwa ameishika kwa mikono miwili, anasema, "Mwache amalize, mwache amalize."

Jioni chumba kilikaa kikao. Nilisimamishwa katikati.

"Dada yako alijuaje kitambaa ni cha kijani?" akauliza mmoja.

"Nilimwandikia."

"Nani mwingine ulimwandikia?"

"Hakuna. Dada yangu tu."

"Dada yako ana redio!"

Spika hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema kama mtu wa kawaida, "Mimi nalala chini yako. Mchanga wa miguu yako unaniangukia machoni kila siku ukipanda. Sijamwandikia mtu." Kisha akazima simu yake, akaifungia kwenye sanduku, akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo hajasema na mimi neno. Msimamizi kila asubuhi anamuuliza ametaga mangapi. Watu wakimwona anapita wanatoa sauti ya kuku. Na goti linazidi. Nimemwambia aende kliniki ya kambini, hanijibu. Nimemtuma mwenzetu amwambie, akasema hatauliza tena mtu wala kitu chochote kuhusu goti lake mpaka afe.

Mguu ule ndio unaolisha watoto wake. Mdogo wangu, wewe ndiye uliyelipeleka goti hili redioni. Litoe.

Kaka yako


Nyumbani, 15 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo. Amepanda maua mbele ya nyumba na mbuzi wa jirani ameyapenda.

Nimeisoma barua yako na nimesikitika kwamba mwenzako amelipokea jambo hili hivyo. Lakini tuelewane. Katika kazi yetu, kumlinda mtu ni kutomtaja jina, na mimi sikutaja jina la mtu, wala la machimbo, wala la kambi. Ningejuaje kwamba utawapangia viti? Hata mkuu wangu, ambaye hajawahi kusifu kitu, ameniambia mfano ule umefundisha watu kuliko ripoti zote. Mama mmoja ameniandikia kwamba sasa anasoma vichwa vya habari kabla ya kumpa mtoto dawa. Hilo nalo liwekwe kwenye mizani.

Gazeti moja limeomba kuuchapa mfano huo. Nimewakubalia, nikawaambia wasiongeze kitu. Mwishoni mwa Mei naenda televisheni.

Mshauri mwenzako aende hospitali. Goti lililovimba muda mrefu hivyo si la kufungia kitambaa, na si la kutafuta mtandaoni pia.

Mdogo wako


Machimboni, 6 Mei

Mdogo wangu,

Leo salamu sina. Lakini Mama akisikia nimeanza barua bila salamu atanilaani kupitia lile pengo, kwa hiyo: hamjambo, sijambo, mbuzi hajambo.

Barua yako nimeisoma nikitafuta neno "samahani". Nilitafuta kama ulivyotufundisha, neno moja tu, bila kuchanganya na mengine. Halikuonekana.

Gazeti lako limefika. Lilikuja limefungia mkate wa mpishi. Kichwa cha habari kilisomeka vizuri sana: ALA CHAKULA CHA KUKU AKITAFUTA DAWA YA GOTI. Nani alikula? Maranda ya mbao ndiyo yamekuwa chakula? Chini wameweka picha ya mzee mmoja asiye na meno ambaye hakuna anayemjua hapa. Msimamizi amelibandika mlangoni mwa kantini. Spika alisimama mbele yake muda mrefu, akaliambia gazeti, si mimi, "Mzee wa watu, pole. Na wewe una ndugu anayejua kuandika?"

Goti sasa lina ukubwa wa mkate wenyewe na lina joto kama mkate uliotoka tanuri. Mguu haukunjiki. Muuguzi wa kambini alitumwa aje chumbani, Spika akajifunika blanketi, akasema muuguzi naye ana redio. Tangu juzi hajaenda kazini. Nampelekea chai, anakunywa nikishatoka.

Usinijibu kuhusu mizani. Kwenye mizani ya huku kuna mguu mmoja.

Kaka yako


Nyumbani, 22 Mei

Kaka,

Kwanza nijibu hili, salamu tutapeana baadaye: Spika yuko hai?

Jana nilikuwa najiandaa kwa televisheni. Nikasema nitafute hadithi yangu mwenyewe nione watu wanasemaje. Niliandika maneno matatu tu. Ya kwanza iliyotokea inasema alikula chakula cha kuku. Ya pili inasema alilala bandani. Ya tatu imemhamishia nchi nyingine na kumpa miaka themanini. Ya nne inasema goti lilioza. Ya tano, ya sita, ya saba na zote zilizofuata zinasema amefariki. Zinasema amefariki na kitambaa cha kijani kikiwa gotini, na chini yake zote zimeandika "kwa mujibu wa mtafiti".

Kaka, mtafiti ni mimi. Mimi sikusema. Lakini kila nikifuata kamba nyuma kutafuta mwenye neno, naishia kwenye sauti yangu. Nimezunguka nchi nzima nikiwaambia watu kwamba majibu kumi yanayofanana yanaweza kuwa mdomo mmoja uliorudiwa mara kumi. Sikufikiri mdomo wenyewe ni huu.

Nimepiga simu ofisi ya machimbo yenu. Nikamwambia karani naulizia mtu anayeitwa Spika. Akaniuliza jina lake kamili. Goti lake nalijua, kitambaa nakijua, godoro lake najua liko wapi. Jina silijui. Karani akasema, "Dada, tafuta kwanza unachokitafuta," akakata.

Mama hajui bado. Jibu haraka, hata kwa kuazima simu ya msimamizi.

Mdogo wako


Machimboni, 24 Mei

Mdogo wangu,

Hamjambo? Barua yako nyingine sijaipata bado, lakini hili halingoji: sisi tumezika na tumefufua siku moja, nitakueleza.

Jana mchana lilikuja gari dogo la mizigo getini. Mbele amekaa mwanamke amevaa nguo nyeusi. Nyuma wamepanda wanaume wawili na jeneza, rangi haijakauka vizuri, wameshika pembeni kwa ncha za vidole tu. Mlinzi akauliza wanamtaka nani.

"Tumekuja kuchukua mwili," akasema yule mama.

"Mwili gani?"

"Wa mume wangu. Aliyekula chakula cha kuku."

Mlinzi alivua kofia. Mimi nilikuwa karibu na mlango wa kantini, nikaangalia lile gazeti, nikaelewa. Alikuwa mke wa Spika. Alisomewa habari na muuza duka wa mtaani kwao: machimbo, goti, kitambaa cha kijani. Kitambaa anakijua, alikikosa tangu mumewe aondoke. Akapiga simu ya Spika, imezimwa. Akapiga ofisini, karani akamwambia mtu huyo hajaonekana kazini zaidi ya wiki mbili. Wewe ungeamini nini?

Alipofika uani alipiga yowe moja, na mlango wa chumba namba sita ukafunguka. Spika akatoka anachechemea, blanketi mabegani.

"Mama watoto! Nani amekufa?"

"Wewe!"

"Mbona mimi sijaambiwa?"

Yule mama alikaa chini palepale kwenye kokoto. Alilia kidogo, akacheka kidogo. Aliponyanyuka hakuwa mjane tena, alikuwa mke.

"Simu yako iko wapi?"

"Nimeizima. Wananicheka."

"Goti linakuuma tangu lini?"

Spika akaangalia juu kama anayehesabu mawingu.

"Redio inalijua goti la mume wangu! Gazeti linalijua! Muuza duka ananipa pole ya goti! Mimi nimepekua kitanda kizima nikitafuta kitambaa changu!" Akamgeukia msimamizi aliyekuwa anajifanya anasoma karatasi. "Na wewe ndiye unayemuuliza ametaga mangapi? Njoo uniulize mimi." Msimamizi akakumbuka kazi upande wa pili wa mlima.

Akaamuru hospitali, wakati huohuo. Shida ikawa mguu. Haukunjiki, mbele ya gari hauingii, na nyuma kuna jeneza limejaza nafasi yote. Shemeji yake mmoja, kati ya wale wanaume wawili wa nyuma, akasema taratibu, "Ndani yake kuna nafasi." Basi tukamlaza humo, kifuniko tukakiweka ubavuni, mimi nikapanda kumshikilia asirushwe na mashimo. Njiani watu walikuwa wanasimama kwa heshima na kuvua kofia. Spika si mtu wa kunyamazia salamu. Aliinuka akawapungia mkono. Baada ya hapo hawakusimama tena, walikimbia.

Mimi hakunisemesha njia nzima. Aliwasalimia wageni wa barabara nzima, mimi niliyemshika mabega hapana.

Hospitali daktari amelibonyeza mara moja tu, akaita mwenzake. Wakaongea pembeni. Nilisikia wanasema limecheleweshwa sana. Amelazwa, watalipasua kesho, na mguu wenyewe hawajaahidi kitu. Mkewe imebidi arudi nyumbani na jeneza, maana watu waliokuja msibani bado wamekaa uani wanamsubiri marehemu.

Kwa hiyo ukiulizwa televisheni, sema yuko hai. Kuhusu mguu usiseme, hatujui.

Kaka yako


Nyumbani, 10 Juni

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia baada ya kipindi, kwa hiyo nilikwenda mbele ya kamera bila kujua kama nazungumzia mtu au marehemu.

Mtangazaji alianza kwa kusema, "Tupe tena ile ya kuku." Nikasema siitoi tena. Nikasema hadithi ile niliandikiwa na kaka yangu acheke Mama, si mji ucheke. Sikumuuliza kaka, sikumuuliza mwenye goti, nikaichukua kwa sababu ilinipendezesha. Nikasema kila mnachosoma kwamba amekufa kimetoka kwangu, na mimi sijui kama yuko hai, kwa hiyo na ninyi hamjui. Mtangazaji akauliza kama naweza kumleta studio, na kuku mmoja.

Nilifika nyumbani nikamkuta Mama amekaa gizani. Alisema alizima televisheni nikiwa bado naongea. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Umesema 'acheke Mama' mbele ya watu. Sasa na mimi nimo." Siku mbili hakuniita jina, aliniita "wewe mwenye vipindi". Jana amenipa chai.

Mkuu wangu amesema mfano ule uondolewe kwenye mafunzo yote. Nimeuondoa. Nimekosa wa kuweka mahali pake.

Nimefunga barua nyingine humu ndani, ni ya Spika. Ina neno ulilolitafuta. Lipo mara nyingi, huwezi kulikosa. Msomee akikubali. Asipokubali, iache ilivyo. Na kama mwenyewe hataona vibaya, naomba kujua jina lake kamili.

Mguu vipi?

Mdogo wako


Machimboni, 2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na Mama apewe pole kwa kuingizwa televisheni bila kunyoosha nguo. Mimi nimerudishwa zamu ya mchana, vumbi la mchana angalau unaliona linakuja.

Nilikwenda hospitali siku ile walipomtoa chumba cha upasuaji. Nilibeba machungwa, nikakaa kwenye benchi nje ya wodi, kuingia sikuthubutu. Akaja muuguzi na maswali yake mlangoni, mimi nasikia. Akamuuliza Spika, "Mkeo yuko mbali. Hapa karibu, daktari akitaka kusema kuhusu hali yako, aambiwe nani?"

Nilihesabu machungwa.

Kisha ikaja ile sauti yake, ile yenyewe ya kuita mtu ng'ambo ya mto, wodi nzima ikageuka: "Yuko huyo nje kwenye benchi, anajificha kama mwizi wa machungwa. Ni ndugu yangu. Mwandike huyo." Akavuta pumzi. "Lakini mwambieni kwamba barua zote za hospitali hii zinasomwa na polisi."

Nikaingia. Nikaweka machungwa. Akalichukua moja, akalimenya, akanipa nusu. Hatukuzungumza jambo la maana, alinieleza tu mgonjwa wa kitanda cha pili anavyokoroma, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa macho.

Barua yako amesomewa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie pale katikati, nikarudia. Akaikunja akaiweka chini ya mto. Kuhusu jina lake amesema hapana, Spika inakutosha. Kuhusu studio amesema kuku aende peke yake.

Hii unayosoma nimemsomea yote kabla sijafunga bahasha. Ndiyo masharti yake, na sasa ni masharti yangu. Aya moja ameitoa yote, ilikuwa nzuri sana, ulikuwa utacheka. Ya mgonjwa anayekoroma kaomba ibaki.

Umeuliza mguu. Daktari alikuja, akanikalisha, akanieleza kila kitu kama ndugu wa mgonjwa, na yote nimeyaelewa. Lakini mimi ndiye niliyeandikwa, si wewe, kwa hiyo alichosema siwezi kukuambia. Nilimuuliza Spika niseme nini basi. Alifikiri, akaniruhusu hili moja: leo asubuhi, kwenye ngazi za mtamboni, alikuwa mbele yangu, na alikuwa ananipigia kelele niongeze mwendo.

Kaka yako